Siku moja Giverny, nyumbani kwa Claude Monet

Kwenda Giverny kutoka Paris na kurudi siku hiyohiyo ni safari ambayo hata asiyejua neno moja la Kifaransa anaimudu. Treni ipo, basi lipo, na kijiji chenyewe kina mtaa mmoja mkuu tu. Ugumu uko kwingine: kuchagua mwezi, kuchagua saa, na kujua mapema unakwenda kutazama nini. Wengi hufika wakitafuta picha za Monet, mchoraji Mfaransa aliyeishi hapa, nazo hazipo. Zilizotundikwa ukutani ni nakala. Zenyewe ziko Paris na katika makumbusho ya nchi nyingi. Kilichobaki Giverny ni vile vitu alivyovichora: bwawa, daraja, mayungiyungi, mierebi, na nyumba aliyoishi kwa miaka 43. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo vya kuvifuata, mradi uipange siku yako kwa kufuata maua na mwanga, kisha picha uzimalizie Paris.

Maelezo haya ni ya mtu anayelala Paris, awe amekuja kutembea kutoka Nairobi au Dar es Salaam, au anaishi hukuhuku Ulaya na amepata siku moja ya mapumziko.

1. Anza na kalenda

Nyumba na bustani hufunguliwa tarehe 1 Aprili na kufungwa tarehe 1 Novemba, mwaka hadi mwaka. Ndani ya miezi hiyo pako wazi kila siku, hata Jumatatu na Jumanne ambapo makumbusho mengi ya Ufaransa hufungwa. Kama likizo yako ni ya Desemba, Giverny isahau. Nenda kwenye makumbusho ya Paris ninayoyataja mwishoni.

Monet alipanda bustani yake kwa hesabu, ili ua moja likichoka jingine liwe tayari, na watunza bustani wa leo wanaufuata mpango huohuo. Aprili ni mwezi wa tulipu za kila rangi na mitufaha iliyojaa maua. Mei huja airisi, safu kwa safu, na wisteria inayoning'inia juu ya daraja, ya zambarau kwanza na nyeupe ikifuatia. Juni ni ya mawaridi. Mayungiyungi yenyewe huanza kuchanua vizuri mwishoni mwa Juni na kuendelea hadi Septemba. Hili lishike sana, kwa sababu anayekwenda Aprili atakuta maji matulivu yenye vivuli vizuri vya miti, lakini hayo maua maarufu hatayaona.

Ukiniuliza mimi, nitakwambia nenda Septemba mwanzoni, katikati ya wiki. Shule za Ulaya zimefunguliwa, familia zimerudi makwao, mayungiyungi bado yapo, dalia na alizeti zimesimama kimo cha mtu, na ile njia pana iliyo mbele ya nyumba imefunikwa na nasturtiamu zilizotambaa kutoka pande zote mbili mpaka zimekaribia kukutana katikati. Wa pili kwa uzuri ni mwisho wa Juni, mawaridi yakiwa hayajaisha na mayungiyungi ndiyo yanaanza.

Baridi usiidharau. Aprili na Oktoba, asubuhi ya Normandy, mkoa ilipo Giverny, humtetemesha mtu aliyezoea Mombasa. Beba koti, na mwavuli mdogo mwezi wowote ule. Mvua nyepesi haiharibu safari. Majani hung'aa zaidi na watu hupungua.

2. Nunua tiketi mbili kabla ya siku yenyewe

Ya kwanza ni ya kuingia. Inauzwa mtandaoni na Fondation Claude Monet, taasisi inayotunza mahali hapo, na bei kwa mtu mzima ni zaidi kidogo ya yuro 10. Tiketi moja inakuingiza kwenye nyumba na bustani zote mbili, ya maua na ya bwawa. Usiiache mpaka ufike mlangoni, maana msimu wa joto foleni ya wasio na tiketi huzunguka ukuta wakati wenye tiketi wanapita. Pasi ya makumbusho ya Paris, ambayo watalii wengi huinunua, haifanyi kazi Giverny.

Ya pili ni ya treni, kutoka Paris Saint-Lazare hadi kituo kinachoitwa Vernon-Giverny. Hapa pana mtego kwa wanaokaa Paris: Navigo, kadi ya usafiri wa umma, inaishia kwenye mipaka ya mkoa wa Paris, na Vernon iko nje, Normandy. Ni lazima ununue tiketi ya kwenda na ya kurudi kwenye programu au tovuti ya shirika la reli, SNCF. Treni zenyewe ni za Normandy na huitwa Nomad. Ukitafuta, hakikisha unaona neno Vernon kwenye orodha ya vituo, kwani baadhi ya treni za kwenda Rouen hupita pale bila kusimama. Treni ya moja kwa moja huchukua dakika 50 hivi.

Saa nazo ziangalie vizuri. Milango hufunguliwa saa 3:30 asubuhi, yaani tiketi itaandika 09:30, na hufungwa saa 12 jioni. Wa mwisho kuingia ni saa 11:30. Tafuta treni ya kuondoka Paris karibu na saa 2 asubuhi ili uwe mlangoni panapofunguliwa. Sababu si umati peke yake. Mayungiyungi hufunguka asubuhi jua linapoyapiga na hujifunga alasiri. Atakayeingia saa 10 jioni atakuta mengi yameshafumba.

Kama unatoka Afrika Mashariki na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, viza ya Schengen ndiyo itakayokuingiza Ufaransa, na hiyo ishughulikie miezi kadhaa kabla. Kwenda Normandy hakuhitaji karatasi nyingine yoyote.

3. Saint-Lazare: fika dakika 20 mapema, na uinue macho

Kituo hiki ni kikubwa na kina treni za aina mbili, za vitongoji na za masafa marefu. Zako ni za masafa marefu. Tafuta ubao mkubwa wa safari za mbali, soma saa ya treni yako, kisha usubiri namba ya reli, ambayo huonekana dakika chache tu kabla ya kuondoka.

Ukisubiri, tazama paa la chuma na vioo juu ya reli. Mwaka 1877 Monet alipata ruhusa ya kuweka vifaa vyake ndani ya kituo hiki akachora picha kadhaa za magari moshi, mvuke wa buluu ukipanda kwenye vioo hivyo. Moja ya picha hizo iko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Ni vizuri kuianza safari ya kwenda bustanini kwake ukiwa umesimama mahali alipopachora akiwa na miaka 36, kabla hajaipata bustani hiyo.

Ndani ya treni, ukiweza kuchagua, kaa upande wa kulia, dirishani. Baada ya Mantes-la-Jolie reli hufuatana na mto Seine, na mto uko upande huo. Njiani utapita Poissy, mji alioishi na kuuchukia kabla ya kuhamia Giverny.

4. Kutoka Vernon hadi Giverny

Kuna kilomita 5 hivi. Nje ya kituo utakuta basi linalosubiri treni za kutoka Paris. Fuata watu, wote wanakwenda kulekule. Unamlipa dereva kwa kadi au pesa taslimu, kwenda na kurudi, na ndani ya robo saa au dakika 20 umefika. Kabla ya kushuka piga picha ratiba ya kurudi. Mabasi yamepangwa kufuata treni, kwa hiyo ukilikosa moja huenda ukaikosa na treni yake.

Wenye miguu mizuri wana njia mbili nyingine. Baiskeli hukodishwa karibu na kituo, na njia yake karibu yote ni tambarare. Kwa miguu ni saa moja na zaidi kidogo: unakatiza mji wa Vernon, unavuka Seine kwa daraja, na hapo upande wa kushoto utaona kinu cha zamani cha mbao kilichokalia nguzo mbili za daraja la kale ambalo halipo tena. Baada ya mto kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani, ileile iliyokuwa ikipita chini ya bustani ya Monet. Nashauri basi wakati wa kwenda, ili uwahi bwawa, na miguu wakati wa kurudi kama hali ya hewa ni nzuri.

5. Ukishaingia, nenda bwawani kwanza

Watu wote wakiingia husimama palepale, mbele ya nyumba ya waridi yenye mbao za kijani madirishani, na kuanza foleni ya kuingia ndani. Wewe usisimame. Teremka moja kwa moja kupitia bustani ya maua hadi chini, tafuta njia ya chini ya barabara, utokee upande wa pili. Katika nusu saa ya kwanza baada ya milango kufunguliwa, bwawa huwa na watu wachache. Kufikia saa 5 asubuhi mabasi ya utalii yameshashusha, na kwenye daraja la kijani hupati hata pa kuweka kiwiko.

Zunguka bwawa taratibu, mara mbili. Mzunguko wa kwanza tazama tu. Wa pili ndio upige picha. Simama kila baada ya hatua chache uangalie maji, siyo maua. Utaona anga limelala ndani ya bwawa, mierebi imening'inia kichwa chini, na mayungiyungi yameelea juu ya mawingu. Sasa ng'ang'ania kuangalia mahali pamoja kwa dakika tano bila simu. Wingu likipita, rangi yote ya maji hubadilika, buluu ikawa kijivu, kijivu ikawa kijani. Hilo ndilo lililomfunga mzee huyu hapa. Alichora picha zipatazo 250 za mayungiyungi, nyingi akiwa ameweka turubai kadhaa kwa zamu, kila moja na saa yake ya siku, anahamia nyingine mwanga unapogeuka.

Historia ya bwawa inafaa kuijua ukiwa umesimama hapo, kwa sababu hakuna kitu cha asili hapa. Mwaka 1893, Monet akiwa tayari ameinunua nyumba aliyokuwa ameipanga tangu 1883, alinunua kipande cha ardhi ng'ambo ya reli akaomba ruhusa ya serikali kuchepusha maji ya kijito kidogo cha mto Epte. Wanakijiji walikataa. Walikuwa wakifulia na kunyweshea mifugo yao kwa maji hayo, na walihofu mimea ya kigeni ya bwana huyu itayatia sumu. Alikasirika, akaandika barua, mwishowe akaruhusiwa. Akaweka daraja la umbo la upinde kama alivyoliona kwenye picha za Kijapani alizokusanya, akapanda mianzi na mierebi, na akaagiza mayungiyungi kutoka kwa mkulima aliyeitwa Latour-Marliac. Sehemu hizo za Ulaya zilikuwa na mayungiyungi meupe tu yanayostahimili baridi. Latour-Marliac ndiye aliyeyachanganya na aina za nchi za joto akapata ya njano, ya waridi na mekundu, akayaonyesha Paris kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1889. Kwa hiyo rangi zile alizozichora Monet zilikuwa jambo jipya kabisa kwa watu wa wakati wake.

Bwawa alilipanua mwaka 1901 baada ya kununua ardhi zaidi. Alikuwa na mtunza bustani wa kazi hiyo peke yake, aliyeingia na mashua kila asubuhi kupanga mayungiyungi na kuondoa majani makavu. Magari yalipoanza kupita kwenye barabara ya udongo iliyo katikati ya bustani mbili na kuyamwagia maua vumbi, alilipia barabara iwekwe lami. Ukifika mapema utaona bado mtu ndani ya mashua bapa anaendelea na kazi hiyohiyo.

Daraja unalolikanyaga si lile lake. La kwanza lilioza na hili limejengwa upya mahali palepale.

6. Rudi juu, sasa upitie bustani ya maua

Bustani ya juu, inayoitwa Clos Normand, ina ukubwa wa hekta moja hivi. Hapa njia zimenyooka, vitanda vya maua vimenyooka, lakini ndani ya vitanda maua yameachiwa yapandane. Angalia jinsi rangi zilivyopangwa: upande mmoja za moto, njano na machungwa na nyekundu, upande mwingine za baridi, buluu na zambarau na nyeupe. Alikuwa akichanganya rangi ardhini kwanza. Njia nyingi ndogo huzuiwa kwa kamba ili maua yasikanyagwe, kwa hiyo zunguka pembeni na usijaribu kukatiza.

7. Nyumba: tembea polepole vyumba viwili

Ndani ya nyumba mwendo ni wa mkondo mmoja na nyuma yako kuna watu. Ngazi za kwenda juu ni nyembamba. Mwenye magoti mabaya au mtoto mgongoni ajue hilo mapema. Begi kubwa liache hotelini.

Sebule kubwa ilikuwa karakana yake ya awali ya kuchorea, na leo imejaa nakala za picha zake kama zilivyokuwa zimebanana wakati wake. Pita, tazama, endelea. Ghorofani utaona chumba chake cha kulala, kilichokuwa na picha zilizochorwa na rafiki zake, akina Cézanne, Renoir na Pissarro. Dirisha linatazama bustani, na hapo ndipo alipofia. Kabla ya ngazi kuna chumba kidogo cha akiba ambacho watu hukipita mbio. Ukutani pana makabati madogo ya kuwekea mayai, na jinsi yalivyo mengi inakuonyesha nyumba hii ilikuwa na midomo mingapi: Monet na wanawe wawili, Jean na Michel, pamoja na Alice Hoschedé na watoto wake sita. Mke wa kwanza wa Monet, Camille, alifariki mwaka 1879. Monet alimuoa Alice mwaka 1892.

Vyumba viwili vya kukaa kwa muda ni cha kulia na jikoni. Cha kulia ni njano tupu. Kuta njano, makabati njano, viti njano, kwa rangi mbili za njano zinazofuatana, moja imeiva na nyingine imepauka, wakati ambapo nyumba za watu wa hadhi yake zilikuwa na mbao nyeusi na mapazia mazito. Juu ya njano hiyo kumetundikwa picha za Kijapani zilizopigwa chapa kwa vibao vya mbao, kazi za Hokusai, Hiroshige na Utamaro. Alikusanya zaidi ya 200. Zisogelee. Angalia mwanamke aliye chini ya mwavuli, mvua iliyochorwa kwa mistari, daraja la mbao lililopinda, halafu kumbuka ulichokiona bwawani saa moja iliyopita.

Kutoka hapo mlango unaingia jikoni, na macho hupata mshtuko: vigae vya buluu na nyeupe kutoka Rouen, kuta zote, na safu za sufuria za shaba zimepangwa kuanzia kubwa ya kupikia ukoo mzima hadi ndogo ya mchuzi. Chakula cha mchana kilitakiwa mezani saa 5:30 asubuhi kamili, ili alasiri iwe ya kazi. Rangi zilipangwa ili mtu aliyekaa mezani, mlango ukiwa wazi, aione buluu hiyo kutoka ndani ya njano. Simama hapo mezani uangalie. Ni picha aliyoichora bila turubai.

Kabla ya kutoka utapita kwenye duka la vitabu na zawadi, jengo refu lenye paa la vioo. Wengi hununua kalenda wakaondoka. Hiyo ndiyo karakana aliyoijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa na zaidi ya miaka 70, kwa ajili ya turubai za mayungiyungi zenye urefu wa mita kadhaa. Hapo ndipo alipofanya kazi na mtoto wa jicho ukimfunga macho, mpaka akapasuliwa jicho la kulia mwaka 1923. Geuka uangalie dari kabla hujalipa.

Na yote haya nusura yapotee. Baada ya Monet, nyumba ilitunzwa na Blanche, binti wa Alice ambaye pia alikuwa mke wa Jean, naye mwenyewe mchoraji. Blanche alipofariki mwaka 1947 mahali palianza kuanguka. Michel, mtoto wa mwisho wa Monet, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1966 akiwa ameirithisha nyumba na bustani akademia ya sanaa ya Ufaransa, Académie des Beaux-Arts. Paa zilivuja, boriti zilioza, na ndani ya karakana kubwa miti ilikuwa imeota. Mwaka 1977 Gérald Van der Kemp, aliyekuwa amesimamia ukarabati wa kasri la Versailles, alianza kuifufua kwa michango iliyotoka kwa wingi Marekani, na milango ikafunguliwa kwa umma mwaka 1980.

8. Chakula

Ndani ya bustani hairuhusiwi kula ulichobeba. Migahawa ya kijijini ipo, bei zake ni za watalii, na saa 7 mchana hujaa. Mimi nashauri kununua mkate, jibini na matunda Paris kabla ya treni, ule ukishatoka, nje kwenye benchi au nyasi za kijiji.

Ukikaa mgahawani, mambo mawili kwa wasiokula nguruwe wala kunywa pombe. Kile chakula cha mayai kwenye unga uliookwa, quiche, na saladi nyingi huwa na vipande vidogo vya nyama ya nguruwe viitwavyo lardons, uliza kabla. Na cidre, kinywaji cha tufaha ambacho Normandy inajivunia, ni pombe japo huonekana kama juisi. Ukitaka juisi yenyewe sema jus de pomme, nayo huko ni tamu kwelikweli.

9. Tembea mtaa mpaka kanisani

Mtaa wa kijiji unaitwa Rue Claude Monet. Ukiufuata kutoka kwenye nyumba utapita makumbusho ya sanaa ya enzi hiyo, Musée des impressionnismes, yenye maonyesho yanayobadilika; ingia kama una muda na hamu. Mbele kidogo ni Hôtel Baudy, nyumba ya wageni walikofikia wachoraji vijana wa Kimarekani kuanzia mwaka 1887, waliokuja kumfuata Monet. Yeye hakuwapenda sana. Cézanne naye alilala hapo mwaka 1894.

Endelea hadi kanisa la Sainte-Radegonde. Nyuma yake ndipo alipozikwa Monet pamoja na familia yake, kaburi lenye maua na msalaba mweupe. Inasimuliwa kwamba siku ya mazishi rafiki yake Georges Clemenceau, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Ufaransa, aliliondoa guo jeusi lililofunika jeneza na kutaka kitambaa cha maua, akisema nyeusi haimfai Monet. Kwenye eneo hilohilo wamezikwa wanajeshi 7 wa anga wa Uingereza ambao ndege yao ilianguka karibu na hapa Juni 1944. Tembelea kwa adabu. Ni makaburi ya watu, na wanakijiji bado wanazika hapo.

Kutoka nyumba ya Monet hadi kanisani ni mwendo wa dakika 10 au zaidi kidogo, kwa hiyo hesabu na muda wa kurudi kwenye basi.

10. Malizia Paris

Ukiondoka Giverny saa 8 mchana unaweza kuwa Saint-Lazare kabla ya saa 10, na kutoka hapo hadi Musée de l'Orangerie ni mwendo wa robo saa au dakika 20 kwa miguu. Huko ndiko zilipo turubai zilizotoka kwenye ile karakana yenye duka. Siku moja baada ya Vita Kuu ya Kwanza kusimama, tarehe 12 Novemba 1918, Monet alimwandikia Clemenceau kwamba anataka kuipa Ufaransa turubai mbili. Mbili ziliongezeka mpaka zikawa kazi 8, zenye kimo cha karibu mita 2, zilizopinda kufuata kuta za vyumba viwili vya umbo la yai. Hakuziona zikifunguliwa, ilikuwa Mei 1927, miezi mitano baada ya kifo chake. Mwanga wa vyumba hivyo unatoka juu, wa mchana, kama alivyotaka. Kaa kwenye benchi la katikati. Baada ya asubuhi ya bwawani hutahitaji mtu akueleze kitu.

Kama bado una nguvu kesho yake, nenda Musée Marmottan Monet, makumbusho yaliyopokea picha alizorithi Michel. Hapo iko ile picha ya mwaka 1872 ya jua likichomoza bandarini Le Havre ambayo jina lake, Impression, ndilo lililoupa uchoraji wa Monet na wenzake jina la Impressionism. Na ziko picha za mwisho za daraja la Kijapani, alizozichora macho yakiwa mabovu, daraja limegeuka ndimi nyekundu na kahawia ambazo mtu asiyefika Giverny huzipita bila kujua anatazama nini.

Katika kupanga siku, zingatia kwamba Orangerie na Marmottan zote kwa kawaida hufungwa saa 12 jioni, isipokuwa Alhamisi Marmottan huchelewa hadi saa 3 usiku. Orangerie hufungwa Jumanne, Marmottan Jumatatu. Siku zinazokubali kila kitu kwa raha ni Jumatano na Alhamisi: Jumatano Giverny asubuhi na Orangerie jioni, Alhamisi Marmottan.